Mbeba lugha: ninavyojiandaa kwenda kufundisha Kiingereza Kazan

Swali la kwanza nililoulizwa katika usaili, hata kabla ya kuulizwa nimefundisha miaka mingapi, lilikuwa kama mimi ni "nositel yazyka". Hayo ndiyo maneno ambayo shule za lugha nchini Urusi huyatumia kumtaja mtu aliyezaliwa na lugha akaikuta mdomoni mwa mama yake, na ni nadra kuona tangazo la kazi ya kufundisha Kiingereza lisiloyataja katika mistari yake ya mwanzo. Nilijibu kwa ukweli kwamba sikuzaliwa nacho: nyumbani tulisema lugha ya bibi, nje ya nyumba tukasema Kiswahili, na Kiingereza nilikutana nacho ubaoni, kwa chaki, nikiwa tayari na meno yote. Shule ile haikunitafuta tena. Jioni yake nilifungua kamusi nikagundua kwamba maneno yale, yakitafsiriwa moja kwa moja, maana yake ni "mbeba lugha", kwa kuwa "nosit" ni kubeba. Nilicheka peke yangu. Aliyezaliwa na Kiingereza hajakibeba popote, amekikuta ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyekibeba, tena kwa safari ndefu, nikijua kila mahali kilipoumiza bega.

Kazi niliipata baadaye, katika shule nyingine ya lugha, na mwishoni mwa Agosti, viza ikitoka kwa wakati, nitahamia Kazan, mji mkuu wa Jamhuri ya Tatarstan, ulio kando ya mto Volga, yapata kilomita 800 mashariki ya Moscow. Kwa miezi mitano sasa nimekuwa nikijiandaa, na kwa kuwa watu kadhaa wameniuliza maandalizi hayo yakoje, nimeona niyaandike kwa utaratibu, pamoja na yale yanayonitia wasiwasi.

Nianze na karatasi, kwa sababu ndizo zilizokula muda mwingi. Hakuna njia halali ya kwenda Urusi kwa viza ya utalii na kujitafutia kazi ukiwa hukohuko. Utaratibu huanzia kwa mwajiri, ambaye lazima awe na idhini ya kuajiri wageni, kisha aombe mwaliko rasmi kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ya Urusi, na mwaliko huo ndio unaopelekwa ubalozini. Viza ya kazi ya mwanzo kwa kawaida ni ya miezi 3 na ya kuingia mara moja tu, na mtu akishafika ndipo hupatiwa nyingine ya muda mrefu kulingana na mkataba wake. Wakala mmoja, ambaye sitamtaja, alinihakikishia kwamba ningeweza kutangulia kwa viza ya utalii na kwamba "mengine yatajipanga hukohuko", akataka nusu ya malipo siku hiyohiyo. Nilimwaga na sikurudi.

Shahada na cheti cha ualimu huthibitishwa kwanza katika nchi vilikotolewa. Nchi zilizo wanachama wa Mkataba wa Hague wa 1961 hugonga muhuri mmoja uitwao apostili na mambo huishia hapo, lakini cheti kinachotoka katika nchi isiyo mwanachama hupita mlolongo wa ofisi, moja ikithibitisha sahihi ya nyingine, hadi kufika ubalozi wa Urusi. Vyangu vilipita njia hiyo ndefu. Baada ya hapo hutafsiriwa kwa Kirusi na tafsiri kuthibitishwa na mwanasheria, na hapo ndipo nilipokutana na tatizo nisilolitegemea, yaani jina langu mwenyewe.

Kirusi hakina herufi moja inayotosha kwa J yetu, hivyo jina kama Juma huandikwa Джума, herufi mbili zikifanya kazi ya moja. Hakina pia H laini tunayoitumia sisi. Kwa desturi ya zamani majina mengi ya kigeni yenye H yaliandikwa kwa G, ndiyo maana mji wa Hamburg kwa Kirusi huitwa Gamburg, ilhali siku hizi wengi hutumia Х, ambayo ni sauti ya kh. Kwa hiyo Hamisi anaweza kuwa Khamisi kwa mtafsiri mmoja na Gamisi kwa mwingine, na jina langu, kwa bahati yangu, lina J na H kwa pamoja. Mtafsiri wa shahada aliliandika hivi, mtafsiri wa cheti cha polisi akaliandika vile, na machoni pa afisa wa uhamiaji hao ni watu wawili tofauti. Ikabidi nilipe tena. Anayefuata nyuma yangu na achague tahajia moja tu, ile itakayokuwa kwenye viza, aitume kwa kila mtafsiri kabla hajashika kalamu.

Cheti cha polisi chenyewe si cha hiari. Kifungu cha 331 cha Kanuni ya Kazi ya Urusi kinawazuia watu waliotiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai wasifanye kazi ya ualimu, na kila mwajiri hudai uthibitisho. Mtu akishaingia nchini, hesabu nyingine huanza: mwenyeji wake huiarifu mamlaka ya uhamiaji ndani ya siku 7 za kazi kwamba mgeni huyo anakaa kwake, na anayekuja kufanya kazi hupaswa, ndani ya siku 30 tangu kuingia, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kupimwa afya, vikiwemo vipimo vya VVU, kifua kikuu, kaswende, ukoma na dawa za kulevya. Siku hizo huhesabiwa tangu kuvuka mpaka, wala si tangu kuanza kazi, na mimi nimeziandika kwenye kalenda kwa wino mwekundu. Hata laini ya simu ina foleni yake. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mgeni hawezi kununua laini bila kwanza kuwa na namba ya hifadhi ya jamii, akaunti iliyothibitishwa katika mfumo wa huduma za serikali, sauti na sura yake zikiwa zimesajiliwa, na namba ya utambulisho wa simu atakayotumia. Kwa hiyo wiki za kwanza nitakuwa mtu wa kutegemea intaneti ya nyumbani na ya shuleni.

Sasa jambo ambalo kila jamaa yangu huliuliza, na ambalo nisingependa kulipita kwa haraka kana kwamba ni uvumi. Urusi iko vitani na Ukraine tangu Februari 2022. Kazan iko mbali na mstari wa mapigano, lakini umbali huo haukuzuia droni kupiga majengo marefu ya makazi mjini humo tarehe 21 Desemba 2024. Zaidi ya hayo, vyombo vya habari vimeripoti visa vya vijana wa Kiafrika walioahidiwa kazi au masomo nchini Urusi, kisha wakajikuta wakiunganisha droni kiwandani, tena katika Tatarstan hiyohiyo ninakokwenda, au wakasainishwa mikataba ya jeshi iliyoandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Mjomba wangu alinitumia habari hizo moja baada ya nyingine kwa muda wa wiki nzima bila kuongeza neno lolote, na nilielewa.

Nilichokifanya ni kumpa mtu anayekijua Kirusi, asiye na uhusiano wowote na shule, mkataba wangu wote ausome mstari kwa mstari, kwa sababu toleo la Kirusi ndilo mwajiri na mamlaka watakalolishika, hata kama pembeni kuna tafsiri nzuri ya Kiingereza. Nilihakikisha kwamba jina la mwajiri kwenye mkataba ndilo lililo kwenye mwaliko, kwamba anwani ya mahali pa kazi imeandikwa, na kwamba kazi inayotajwa ni ualimu na si "kazi nyingine kadiri itakavyohitajika". Nilizungumza kwa video na walimu wawili wa pale wakiwa darasani. Pasipoti yangu sitamkabidhi mtu akae nayo zaidi ya muda wa kuandikishwa. Bado sidai kwamba nimeondoa hatari yote. Nimeipima, nikaamua kwenda, na mtu mwingine mwenye akili timamu angeweza kuipima vilevile akaamua kubaki.

Kuhusu fedha, la msingi ni kwamba kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022. Mashine haitakuonea huruma hata kama salio unalo. Mtu huingia na fedha taslimu za kumtosha hadi mshahara wa kwanza, kisha hufungua akaunti ya ruble, fedha ya Urusi, na kupewa kadi ya Mir, ambayo ni mfumo wa malipo wa Warusi wenyewe. Mshahara kwa sheria hulipwa angalau mara mbili kwa mwezi, na sehemu ya kwanza Warusi huiita "avans".

Kodi ndiyo iliyonishtua. Asiyehesabiwa kuwa mkaazi hukatwa asilimia 30 ya mshahara, na ukaazi wa kodi hupatikana kwa kukaa nchini siku zisizopungua 183, ilhali mkaazi wa kipato cha kawaida hukatwa asilimia 13. Niliposoma hivyo nilidhani ni suala la kuvumilia nusu mwaka kisha kurudishiwa tofauti, lakini kinachoangaliwa mwishoni ni hali yako kwa mwaka wa kodi, na mwaka huo huisha Desemba. Anayeingia mwishoni mwa Agosti hawezi kufikisha siku 183 kabla ya Desemba kwisha, hivyo asilimia 30 ya miezi yake minne ya mwanzo imekwenda moja kwa moja. Afadhali nimelijua hilo nikiwa bado ninapanga bajeti, maana usaili wote lilitajwa kwa sentensi moja, tena mwishoni, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango polepole.

Kirusi nilianza kujifunza Machi, kwa mwalimu anayefundisha kwa video kila Jumamosi. Alfabeti ya Kikirili, ambayo Kirusi huandikwa kwayo, ina herufi 33, na ugumu wake kwangu haukuwa katika herufi ngeni bali katika zile zenye sura ya kirafiki. В husomwa v, Н husomwa n, Р ni r, С ni s. Neno ресторан, ambalo jicho la Kilatini linalisoma "pektopah", ni restoran tu, yaani mgahawa. Kisha ukaja mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na hatuna haja ya kuufikiria, ilhali Kirusi huuhamisha bila kutoa taarifa, na ukihama maana nayo huhama: "zámok" ni ngome, "zamók" ni kufuli. Isitoshe, o isiyo na mkazo hutamkwa kama a, hivyo maziwa huandikwa "moloko" na kusemwa "malakó". Jinsia tatu za nomino hazikunitisha, kwa kuwa mtu aliyekua na ngeli zote zile za Kiswahili, akisema kiti kile kimevunjika na miti ile imeanguka bila kufikiri, hawezi kulalamika mbele ya jinsia tatu. Zile hali sita za nomino, ambapo mwisho wa neno hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, ndizo zinazonilaza nikiwa nimeshindwa.

Hata hivyo, kujifunza Kirusi kumenipa kitu ambacho sikukiendea. Nilidhani ninajifunza lugha ya kununulia mkate; kumbe nilikuwa ninaoneshwa makosa ya wanafunzi wangu kabla hawajayafanya. Kirusi hakina "a" wala "the". Kiswahili pia hakina. Kirusi katika wakati uliopo huacha kitenzi cha kuwa: "ya uchitel" ni neno kwa neno "mimi mwalimu", na kwetu sentensi hiyo inakubalika vilevile. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kazan atakapoandika "I am teacher" au "my brother doctor", nitakuwa ninaona daftari langu la zamani, lile ambalo mwalimu alilizungushia duara jekundu kila mstari huku akisema tu kwamba "haisikiki vizuri". Haisikiki vizuri kwa nani? Aliyezaliwa na Kiingereza huijua "the" kwa sikio na mara nyingi hana la kueleza, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji maelezo. Mimi ilibidi nijengewe: hiki umekwisha kunitajia, hiki sijakisikia bado, hiki kiko kimoja tu duniani. Maelezo hayo nimeyaandika upya kwa ajili ya Warusi na yamejaa kurasa sita.

Lakini nilipoendelea niligundua kwamba maumivu yangu si ramani kamili ya maumivu yao, na hapa nilikaribia kujidanganya. Chukua "he" na "she". Sisi tuna "yeye" asiye na jinsia, na ndiyo maana hata mtu msomi kwetu anaweza kumwita shangazi yake "he" katikati ya mazungumzo. Mrusi hafanyi kosa hilo. Yeye jinsia anayo ya kuzidi, hivyo huigawa hadi kwa vitu, na meza, ambayo kwa Kirusi ni ya kiume, itakuwa "he", na kitabu, ambacho ni cha kike, kitakuwa "she". Zoezi langu la zamani la kutenganisha "he" na "she" halitamsaidia kitu. Au chukua wakati timilifu. Kiswahili kina -li- na -me-, na "nimepoteza ufunguo" inakaribia sana "I have lost the key", hivyo wazo lenyewe halikuwa geni kwetu. Kilichotuponza ni kwamba -me- yetu hubeba pia hali, tukasema "he has slept" kwa maana ya amelala na yuko usingizini. Kirusi kina wakati uliopita wa umbo moja, kisha karibu kila tendo lina jozi ya vitenzi, kimoja cha tendo lililokamilika na kingine cha tendo lisiloangaliwa ukamilifu wake. Mrusi atatafuta "have lost" katika jozi hiyo na hataipata. Nimelazimika kuchora mistari ya wakati mipya kabisa, na bado sijaridhika nayo.

Katika matamshi nina faida ambayo hakuna tangazo la kazi lililowahi kuitaja. Sauti mbili za "th" ambazo Mrusi huzigeuza s na z, akasema "sink" akimaanisha "think", ninazo tangu utotoni katika thelathini na dhahabu. W anayoigeuza v ninayo katika wewe. Sauti ya mwisho ya "sing" ninayo katika ng'ombe. Mrusi hufifisha konsonanti za mwisho, mkate wao "khleb" husikika "khlep", na ndivyo "bad" inavyokuwa "bat". Sisi kinyume chake huiogopa konsonanti ya mwisho tukaifungia kwa irabu. Palipo na shida ya pamoja ni "ship" na "sheep", kwa kuwa si Kiswahili wala Kirusi kinachotofautisha irabu hizo mbili. Nilijirekodi nikisoma jozi hamsini za namna hiyo, nikasikiliza, na nimeona nirudie kujirekodi kila wiki hadi nitakapoondoka. Mwalimu anayefundisha tofauti asiyoitamka huwafanya wanafunzi waamini kwamba haipo.

Nyenzo za kufundishia nilizipitia moja moja kwa sababu isiyo ya kitaaluma. British Council, shirika la Uingereza la utamaduni na elimu ambalo mazoezi yake karibu kila mwalimu wa Kiingereza amewahi kuyatumia, liliamriwa kufunga shughuli zake Urusi mwaka 2018, na Juni 2025 Mwendesha Mashtaka Mkuu wa nchi hiyo akalitangaza kuwa shirika lisilotakiwa, tangazo ambalo linafanya kushiriki shughuli zake kuwa kosa kisheria. Sikutaka kujadiliana na sheria hiyo nikiwa mgeni wa wiki moja. Nimeondoa kila karatasi yenye nembo yao kwenye mkoba na kwenye kompyuta, na masomo yangu mengi nimeyaandika mwenyewe, jambo lililonichukua Juni nzima.

Wanafunzi wangu watakuwa watoto wa shule wanaokuja jioni na watu wazima wanaokuja baada ya kazi. Shule za Urusi huanza lugha ya kigeni darasa la pili, na mwaka wa masomo hufunguliwa tarehe 1 Septemba, iitwayo Siku ya Maarifa, ambapo watoto hupeleka maua kwa walimu. Maua huhesabiwa: idadi huwa witiri, kwa kuwa shufwa ni ya makaburini. Wakubwa wa kidato cha mwisho hujiandaa kwa mtihani wa taifa, ambamo Kirusi na hisabati ni lazima na Kiingereza ni cha kuchagua, hivyo anayekichagua huwa na sababu, na mzazi wake huwa na maswali. Nimeonywa kuhusu maswali hayo. Nimeandaa majibu, na la kwanza kati yake si kuficha nilikojifunzia.

Kuna jambo moja kuhusu Kazan ambalo lilinifanya niichague dhidi ya mji mwingine uliokuwa na mshahara mkubwa kidogo. Watatari wa eneo hilo ni Waislamu kwa karne nyingi. Watawala wa Volga Bulgaria, dola la kale la eneo hilo, waliupokea Uislamu mwaka 922, na ndani ya ngome ya Kazan leo upo msikiti wa Kul Sharif, uliofunguliwa 2005 na kupewa jina la imamu aliyeuawa mji ulipotekwa na Ivan wa Nne, mfalme wa Urusi, mwaka 1552. Kitatari kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi miaka ya 1920, kikahamishiwa za Kilatini, kisha mwaka 1939 kikavikwa Kikirili. Msomaji wa Kiswahili, ambacho nacho kiliwahi kuandikwa kwa herufi hizohizo za Kiarabu, atajisikia nyumbani akifungua kamusi yao: kitap ni kitabu, däftär ni daftari, qäläm ni kalamu, waqıt ni wakati, dönya ni dunia, xäbär ni habari. Na kwa mwalimu, pamoja na neno lao la kila siku, wanalo la zamani: mögallim. Nililisoma mara tatu. Mtoto wa Kazan mwenye Kitatari cha nyumbani, Kirusi cha shule na Kiingereza cha jioni ana ngazi ileile niliyoipanda mimi, ingawa mbao zake ni za mti mwingine.

Kazan iko kwenye saa za Moscow, nazo ni sawa na za Afrika Mashariki, hivyo mama hatahitaji kuhesabu vidole kujua kama nimelala. Kitakachotofautiana ni jua. Katikati ya Desemba mchana wa Kazan huwa wa takriban saa 7 tu, na wakati kwetu ni saa tisa na robo alasiri, huko magharibi imeingia. Juni mchana huzidi saa 17, na Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad aliyefika eneo hilo mwaka 922, aliandika kwa mshangao jinsi usiku ulivyokuwa mfupi hata alfajiri ikaifuata isha kwa karibu. Mama alipoelezwa hayo aliuliza swali moja tu, kama msikiti una ratiba iliyochapishwa. Inayo, nikamwambia, na akatulia. Ugumu wetu mkubwa utakuwa simu, kwa kuwa tangu Agosti 2025 mamlaka za Urusi zimebana upigaji simu kwa WhatsApp na Telegram. Tumekubaliana kuanza na barua pepe, naye ameanza kufundishwa na binti ya dada yangu, akilalamika kwamba barua haina sauti.

Kuhusu baridi nimeshauriwa na kila mtu, hasa na wasiowahi kuiona. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri na kuna siku hushuka mbali zaidi, lakini nyumba na madarasa hupashwa joto kwa mabomba ya mji, ambayo kwa kawaida hufunguliwa wastani wa joto wa siku ukishuka chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Koti sitalibeba kutoka huku, nitalinunua hukohuko linakoeleweka. Ninachobeba ni fulana nyepesi za kuvaa kwa tabaka na viatu safi vya ndani, kwa kuwa mtu haingii nyumbani wala darasani na tope la theluji, na shuleni watoto huwa na jozi ya pili ya viatu wanayoiita "smenka". Sharti hilo la kuvua viatu mlangoni halihitaji mtu wa kunifundisha.

Zimebaki wiki tano. Mwaliko umefika, pasipoti iko ubalozini, kurasa sita za "the" zimechapwa. Kila Jumamosi mwalimu wangu wa Kirusi hunisomea imla, nami huandika kwa mkono, kwa mwandiko wao wa kuunganisha ambamo т hugeuka kuwa kitu kama m na и kuwa kama u, kisha ninapiga picha karatasi na kumtumia. Alama zao ni hadi 5, na 2 ni kufeli. Wiki iliyopita nilipata 3, pamoja na duara jekundu kwenye kila mwisho wa neno niliokosea, na pembeni ameandika, bila maelezo yoyote, kwamba haisikiki vizuri. Nimemwandikia kuuliza kwa nini.